Rangi za Nyota Zinazogongana

Ujerumani, tarehe 12 mwezi wa pili 2012

Mama Laetitia,

Barua yako ya Noeli nimeipata juzi tu. Papa Kasika iko anabeba barua zetu ao anazilalia kwanza? Mwambie kamioni yake inatembea polepole kupita ng'ombe za dada Augustine kule Masisi.

Unasema wabibi wa Mpofi wanakuuliza bwana yako iko anafanya kazi gani Ulaya, na wewe unabaki kukohoa tu. Basi waambie hivi. Kuko nyota zenye zilishakufa, zikajikunja mpaka kila moja ikakuwa kidogo: unaweza kuiweka kati ya Sake na Goma na isipite. Lakini uzito wake unapita wa jua. Mara ingine ziko mbili. Zinazungukana myaka yenye hakuna mwenye anaweza kuimaliza kuhesabu, na kila mara zinakaribiana kidogo. Mwisho zinagongana, na ile kugongana yenyewe inaisha mbele muntu afunge jicho. Hakuna mwenye ameisha kuiona. Kazi yangu ni kuifanya ndani ya ordinatere, ile mashini ya hesabu. Ninaiandikia hesabu, mashini inatumika majuma mazima, inanirudishia namba, milima ya namba. Kisha mimi njo ninazigeuza kuwa filimu, watu waone.

Shida yangu iko pale. Namba haziko na rangi. Mimi njo ninachagua: hapa pa moto niweke gani, pale pazito niweke gani. Mwaka jana nilionyesha filimu ya kwanza, na mukubwa wa labo, mahali pa kazi yetu, alisema mbele ya watu wote kama inafanana na muntu anakamua chungwa. Walicheka. Mimi pia nilicheka pamoja nao, na mpaka leo ninasikia haya.

Mwezi wa kumi na moja kuko mukutano mukubwa. Filimu ikipendeza, wataniongezea kontra ya kazi, na kwa ile kontra njo nitaomba makaratasi yenu, wewe na Laetitia. Bila kontra hakuna viza. Sasa unajua.

Uliandika kama bombe zilianguka kwa mulima ya ng'ambo, na mwanga ukaingia mpaka ndani ya nyumba. Niandikie ile mwanga. Si woga, woga ninaijua. Rangi gani ilianza, gani ikafuata. Wewe ni mwalimu, unajua kuangalia kitu.

Mubusu Laetitia.

Bwana yako,
Noël


Mpofi, tarehe 3 mwezi wa tatu 2012

Papa Laetitia,

Wabibi niliwaambia. Mama Mukasine alisema kumbe walikulipia ndege uende kuangalia vitu vyenye havionekane. Tumecheka mpaka akamwanga maji yake, ikabidi arudi ku chemchem.

Mwanga uliyoomba ni hii. Kwanza hakuna rangi, kuko weupe tu, sawa vile muntu anafungua mulango gafla. Kisha njano, lakini njano chafu, ya mafuta ya ngazi, mawese, yenye imekaa sana ndani ya chupa. Chini yake nyekundu. Moshi unatoka mweusi, unapanda, unakuwa kijivu. Sauti inakuja nyuma. Laetitia anahesabu kwa vidole kati ya mwanga na sauti. Mimi nilimufundisha, juu mutoto mwenye anahesabu hana nafasi ya kulia.

Barua zako zote ninamusomea, hata pale unajisifu. Sasa anasema yeye pia iko na kazi sawa ya papa. Anachora nyota mbili kwa ukuta ya jikoni na makala, ninapangusa, anachora tena. Akichelewa kuamka kwa masomo anasema alikuwa ku labo.

Usikawie na makaratasi. Watu wa bunduki wanapita sasa hata muchana, na wiki yote iliyopita tulifunga shule. Kama unaweza kuomba mbele ya mwezi wa kumi na moja, omba. Ninaogopa, Noël. Unasema unaijua woga, lakini yangu hauijui.

Bibi yako,
Annonciata


Ujerumani, tarehe 2 mwezi wa ine 2012

Mama Laetitia,

Ile njano ya mafuta ya ngazi niliiweka siku ile ile barua ilifika. Mukubwa alikuja, akasimama nyuma ya kiti yangu, akaiangalia yote mara mbili. Kwake yeye, ile ni sifa. Nilitembea mpaka nyumba nikiimba.

Lakini ile ni ya mbali. Moto ya mbali kila muntu anaweza kuipaka. Mimi ninahitaji ya karibu, ile nafasi ndogo kabisa mbele ya weupe kutokea. Lazima kuko kitu mbele ya weupe. Namba zangu zinaonyesha kama moto inaanza kando, sawa duara, si katikati, na mimi sijui kuipaka, ninaweka nyekundu na inakuwa bule.

Basi ikianguka karibu, usifunge macho. Najua muntu anafunga, wewe ujikaze. Na umuulize Laetitia pia. Macho ya mutoto ni makali kupita yetu. Mwambie papa anahesabu juu ya macho yake, anayategemea.

Juu ya makaratasi nilishakueleza. Bila filimu hakuna kontra. Usinisukume, kunisukuma hakusaidie muntu.

Noël


Sake, tarehe 29 mwezi wa ine 2012

Dada Augustine,

Najua kule Masisi mulisikia Mpofi ilichomwa, na wewe ulituma muntu kuuliza habari yetu. Hakutukuta. Barabara ya kwenu ilikuwa imefungwa na watu wa bunduki, tukakata pori, tukatokea huku. Niko kwa Papa Kasika, ule muyira, kabila ya kule Butembo, mwenye kamioni na magasin. Amenipa nafasi nyuma, ninalala kati ya mifuko ya maharagi.

Niko peke yangu. Laetitia hayuko tena. Bombe ilianguka kwa kiwanja ya kanisa, na yeye alikuwa inje. Tulimuzika siku ile ile kwa shamba ya papa yangu, bila pere wa kanisa, bila sanduku, ndani ya kitenge yangu ya harusi. Kisha tukakimbia, na sikurudi kuangalia kama mvua imebomoa udongo.

Noël hajui. Wewe ni mukubwa yake, wewe njo ulimulea mama yenu alipokufa. Nimeanza kumwandikia mara mingi. Kalamu inafika kwa jina ya mutoto, inasimama. Nipe njia, dada, juu mimi sina.

Annonciata


Masisi, tarehe 15 mwezi wa tano 2012

Annonciata,

Nimelia, nimemaliza, sasa nakujibu.

Nilikuambia mwaka jana umulete ule mutoto hapa, akunywe maziwa, akae na ng'ombe. Wewe ukasema Mpofi ni kwenu. Kwenu kumemumeza. Sitakurudilia ile neno, lakini mara moja lazima uisikie. Na ulikuwa wapi, yeye akiwa inje? Mahali pale haukuandika kitu. Nimeona kama haukuandika.

Sasa juu ya Noël. Usimwandikie. Umesoma sana mpaka umesahau? Kwetu kifo haipewe muntu akiwa peke yake. Unamutafutia kwanza mwenye atakaa naye, amushike, amufungie mulango, amupe maji. Mbele ya ile, wote munanyamaza na munamusalimia sawa hakuna kitu. Théogène, mutoto wa muyomba, alisoma kifo ya mama yake ndani ya barua kule Kisangani, peke yake chumbani. Walimukuta kesho yake amejitundika na karatasi iko chini ya miguu yake. Noël njo mudogo yangu mwenye amebaki. Nikisikia umemwandikia mbele ya kupata muntu, usikanyage tena kwangu.

Umuulize nani iko naye kule. Muntu wa kwetu, mwenye anasikia luga yetu, mwenye anaingia kwake mangaribi. Akikupa jina, utaandikia ule, na ule njo atamwambia. Kwa sasa umwandikie sawa vile siku zote.

Ninakutumia fromaji mbili za maziwa ya ng'ombe zangu. Ukule, hata kama hautaki.

Augustine


Sake, tarehe 10 mwezi wa sita 2012

Papa Laetitia,

Mpofi ilichomwa, tulikimbia. Niko Sake kwa Papa Kasika, barua uzilete huku.

Niambie kitu kimoja. Kule unalala, nani iko na wewe? Mangaribi ukitoka ku kazi, kuko muntu wa kwetu mwenye anaingia, mwenye munakula naye? Nipe jina yake tu. Siulizi juu ya ubaya.

Uliomba mwanga ya karibu. Niliiona. Mbele ya weupe kuko duara ya zambarau, nyembamba, inaanza kando sawa vile uliandika, na katikati yake hakuna kitu, ni giza. Inapita mbele haujajua kama umeiona. Kisha weupe. Kisha udongo nyekundu unapanda, moto inakuja nyuma yake, na ndani ya vumbi kuko vitu vidogo vinangaa, vinazunguka polepole, vinakawia kuanguka. Vilikuwa vioo vya dirisha ya kanisa. Sauti mimi sikuisikia. Watu wanasema ilikuwa kubwa.

Sikufunga macho. Nipe ile jina.

Annonciata


Ujerumani, tarehe 5 mwezi wa saba 2012

Annonciata,

Nani amekupelekea maneno? Kuko muntu Goma mwenye anakujaza masikio? Sikiliza vizuri. Mimi niko peke yangu. Ninakula peke yangu, ninalala peke yangu, ninafungua mulango peke yangu. Hakuna muntu wa kwetu anaingia kwangu, awe mwanaume ao mwanamuke. Unatoka kukimbia vita na bado uko na nguvu ya wivu. Ninakushangaa.

Tuache ile. Zambarau yako imeniokoa. Niliweka duara, nikaacha giza katikati, na watu wa labo walitoka kwa meza zao kuja kusimama kwa mulango yangu. Na vile vitu vidogo vya kuzunguka! Namba zangu zilikuwa navyo tangu mwanzo. Ni vipande vyenye nyota zinatupa inje zikigongana. Mimi nilidani ni makosa ya hesabu, nilikuwa ninavifuta. Nimevirudisha vyote, na nimevipunguza mwendo sawa vile uliandika. Hauwezi kuamini namna iko muzuri. Ninaiangalia kila siku mbele ya kukunywa chai.

Laetitia nilimukosea nini? Zamani alikuwa anaweka mistari yake chini ya barua. Mwambie papa amenuna. Na kama kuko habari mbaya yoyote, ya nyumba, ya ng'ombe, ya dada Augustine, uiweke mpaka mukutano upite. Kichwa yangu lazima ikae safi.

Noël


Sake, tarehe 20 mwezi wa munane 2012

Papa Laetitia,

Si wivu. Hata akiwa mwanamuke, sitakasirika, naapa mbele ya Bikira. Sitauliza yeye ni nani kwako. Nipe jina ya muntu mumoja mwenye anaweza kukaa karibu na wewe siku moja tu.

Ninakuomba.

Annonciata


Ujerumani, tarehe 14 mwezi wa kenda 2012

Annonciata,

Nilisema niko peke yangu. Ukirudilia tena ile ulizo, sitajibu barua.

Ya maana ni hii. Mukubwa ameniambia kontra iko karibu sawa imeshatoka. Nimeuliza watu wa makaratasi, wanasema ya mutoto ni nyepesi kuliko ya bibi. Basi nitaanza na Laetitia. Wewe, tutaona kisha. Kuko masista wanasafiri kuja huku mwezi wa kwanza, watamubeba.

Umupeleke Goma kwa foto ya paspoti. Uso wote, masikio yaonekane, asicheke. Uzitume na kamioni ya Papa Kasika mbele ya mwezi kuisha. Na uanze sasa kumuzoeza kulala bila wewe, sitaki alie ndani ya ndege na kunipatisha haya.

Noël


Ujerumani, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2012

Wifi Annonciata,

Haunijui, lakini mimi ninakujua. Jina yangu ni Geneviève, ni mutoto wa Bukavu, ninatunza wagonjwa ku hospitali moja huku. Mimi ni muchumba wa Noël, kaka yako. Tunakaa pamoja tangu mwaka jana. Anwani yako niliikuta nyuma ya bahasha, na yeye hajui kama ninaandika; nataka kumushitukiza wakati utajibu.

Nimeandika kukuambia aksanti. Juzi filimu ilionyeshwa mbele ya watu wa inchi mingi. Walizima taa. Zile nyota mbili zilizungukana mpaka mimi mwenyewe nikashika kiti, kisha ile zambarau ikatokea, na kisha vile vitu vidogo vikaanza kuanguka. Watu walisimama kupiga makofi. Mama mumoja muzungu alikuwa anapangusa machozi. Walimuuliza Noël rangi za namna ile alizitoa wapi, akasema alizitafuta ndani ya kichwa yake mwenyewe. Nilimucheka tulipofika nyumba, juu mimi ninajua ni wewe. Alinisomea ile kipande ya barua mezani. Anasema dada yake wa Sake iko na macho kupita mashini.

Kontra amepata. Harusi ni mwezi wa pili, na ninakuomba utusemee kwa dada Augustine.

Na juu ya mutoto wako Laetitia, usiogope. Noël amenieleza kama unatupa tumulee, asome huku. Nitamulea sawa wa tumbo yangu. Kitanda nimeshanunua. Noël ni muntu wa nyumba, mangaribi hakosi, tunakula pamoja, basi mutoto hatakuwa na upweke. Tunangojea foto tu.

Wifi yako,
Geneviève


Sake, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2012

Dada Geneviève,

Barua yako imefika leo. Vita ilifika mpaka hapa, tulikimbia, tumerudi, na Papa Kasika ameikuta Goma ndani ya barua zingine za zamani. Nimeisoma nikisimama kwa mulango ya magasin, na wateja walikuwa wananipita.

Mimi si dada ya Noël. Mimi ni bibi yake. Tulioana kwa kanisa, Masisi, na dada Augustine njo alinipokea kwa mulango. Laetitia ni mutoto wake wa kuzaa. Sikukasirikie, najua hata wewe alikudanganya. Tena nilikuwa ninakutafuta. Tangu mwezi wa sita ninamuomba jina yako, na kila mara alisema haupo.

Wewe ni wa Bukavu, unajua kama kifo haipewe muntu akiwa peke yake. Yeye aliniandikia kama anakula peke yake, analala peke yake, anafungua mulango peke yake. Njo maana nilinyamaza, na nikamwandikia sawa hakuna kitu, mpaka akaniomba foto. Sasa kumbe uko. Unasikia luga yetu na mangaribi munakula pamoja. Basi kazi ni yako, mimi sina mwingine kule.

Fanya hivi. Ungoje amalize kula. Ufunge mulango na ufunguo ikae kwako. Umukalishe chini, si kwa kiti. Umushike mikono yote mbili. Usimupe hii karatasi asome. Umwambie na kinywa yako, polepole.

Umwambie Laetitia alikufa Mpofi, mwezi wa ine. Umwambie barua yake ya mwisho yenye ilitufikia Mpofi nilimusomea mutoto yote, sawa siku zote, hata pale aliandika kama papa anahesabu juu ya macho yake. Mimi ningeweza kuruka pale. Sikuruka, juu mutoto alifurahi sana kusikia papa anamuhitaji. Siku bombe zilianza, ya kwanza ilianguka ng'ambo ya kanisa, tukalala chini ndani ya nyumba, na mimi nilikuwa nimemushika mukono. Akanitoka. Nilimufuata mpaka kwa mulango. Alikuwa amesimama wima katikati ya kiwanja, na alisema, "Mama, niko ninaangalia rangi juu ya papa."

Zambarau niliyomwandikia, niliiona nyuma ya kichwa yake. Vile vitu vyenye vilikawia kuanguka, havikuwa vioo tu.

Akilia, umuache alie. Akitaka kutoka, usifungue. Umupe maji, hata akiikataa. Dada Augustine nitamwambia mwenyewe, kesho ninapanda Masisi, na yeye pia atajua kwa nini mutoto alikuwa inje.

Kuanzia siku ile usimuache peke yake, hata akikufukuza. Mimi nimeshamuacha.

Annonciata